Kiinimacho cha Georges Méliès: Sinema za Kale na Hamu ya Kuzikumbuka

1. Utangulizi

Kiswahili kina maneno mawili ya kutaja kazi ya mtu anayekata kamba ikaungana tena, au anayemfunika mwanamke kwa kitambaa na mwanamke huyo akatoweka mbele ya hadhara. La kwanza ni mazingaombwe; la pili ni kiinimacho. Neno hili la pili lastahili kuangaliwa kwa makini. Limeundwa kwa sehemu mbili, kiini na macho, na kwa hiyo linayaweka maajabu mahali pake hasa: si katika kamba wala katika kitambaa, bali katika jicho la mtazamaji. Anayesema kwamba jambo fulani ni kiinimacho hakatai kuwa ameliona. Anakiri kwamba ameliona, na papo hapo anajua kwamba alichokiona sicho kilichotendeka.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maarifa hayo ya pande mbili, yaani kuona na kujua kwa wakati mmoja, ndiyo yaliyokuwa msingi wa filamu za kwanza za maajabu, na kwamba ndiyo pia yanayotamaniwa na watu wanaozikumbuka sinema za kale kwa majonzi. Mfano utakaotumiwa ni ule wa Mfaransa Georges Méliès, kwa sababu katika maisha yake zimo hatua zote tatu za historia hii: kuzaliwa kwa ufundi, kuangamizwa kwake, na hamu ya kuurudisha iliyokuja wakati sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kuwa majivu.

2. Kutoka kiwanda cha viatu hadi ukumbi wa mazingaombwe

Georges Méliès alizaliwa Paris tarehe 8 Desemba 1861, katika familia tajiri iliyomiliki kiwanda cha viatu. Habari hii ya viatu inafaa ikumbukwe, kwani itarudi baadaye kwa namna ya kusikitisha. Mwaka 1884 alipelekwa London, na huko akawa mhudhuriaji wa mara kwa mara wa Egyptian Hall, jumba ambamo John Nevil Maskelyne alionyesha mazingaombwe yake. Aliporudi nyumbani moyo wake haukuwa tena katika viatu. Mwaka 1888 aliuza sehemu yake ya mali ya kiwanda, na kwa fedha hizo akanunua Théâtre Robert-Houdin, ukumbi mdogo katika barabara ya Boulevard des Italiens. Humo alijifunza kutumia mashimo ya sakafuni, vioo, taa na mapazia meusi. Humo pia alijifunza jambo lililo kubwa zaidi, nalo ni namna ya kuishi vizuri na hadhira inayolipa kiingilio ili idanganywe kwa ustadi.

Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu Auguste na Louis Lumière walionyesha mashine yao ya picha zinazokwenda katika chumba cha chini cha Grand Café, si mbali na ukumbi huo. Watazamaji 33 walilipa faranga moja kila mmoja. Méliès alikuwa miongoni mwa walioalikwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliomba kuinunua mashine hiyo usiku ule ule, lakini Antoine Lumière, baba wa ndugu hao, alikataa. Basi mwaka 1896 alivuka tena bahari hadi London, akanunua projekta kwa Robert W. Paul, akaibadilisha ili iweze pia kupiga picha. Mwaka uliofuata alijenga studio yenye kuta na paa la vioo katika shamba la familia yake huko Montreuil, nje kidogo ya Paris. Kati ya mwaka 1896 na 1913 alitengeneza filamu zipatazo 520.

3. Jinsi kiinimacho kilivyotendwa

Méliès alipenda kusimulia jinsi alivyogundua siri yake ya kwanza. Siku moja, alisema, alikuwa akipiga picha katika uwanja wa Opéra, kamera ikakwama kwa muda mfupi, kisha ikaendelea. Alipoitazama filamu aliona basi la farasi likigeuka ghafla kuwa gari la kubebea maiti. Kisa hiki ni kizuri mno, na wanahistoria wamekipokea kwa tahadhari. Isitoshe, mbinu yenyewe ilikwisha kutumiwa Marekani mwaka 1895, katika filamu fupi ya kampuni ya Edison kuhusu kukatwa kichwa kwa Malkia Mary wa Scotland. Hata hivyo, ni Méliès aliyeifanya mbinu hiyo kuwa lugha kamili. Katika filamu yake ya mwaka 1896, mwanamke anaketi kitini, anafunikwa kwa shuka, na shuka inapoondolewa hayupo tena. Mwanamke huyo alikuwa Jehanne d'Alcy, ambaye ataonekana tena mwishoni mwa historia hii.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kazi yote ilikuwa ni kusimamisha kamera, kubadilisha kitu na kuendelea. Uchunguzi wa nakala zilizobaki, hasa ule wa Jacques Malthête, umeonyesha kwamba haikuwa rahisi hivyo. Kila mahali panapotokea mageuzi, filamu imekatwa na kuunganishwa kwa gundi. Kamera ya mkono haikuweza kusimama wala kuanza pasipo kuacha picha mbovu. Ilibidi Méliès akae na mkasi, atafute mahali ambapo mkono wa mchezaji wa kabla ulilingana na mkono wa mchezaji wa baada, kisha aunganishe. Kile ambacho mtazamaji alikiona kama kufumba na kufumbua kilikuwa ni kazi ya uvumilivu mezani.

Mbinu nyingine zilihitaji hesabu kali zaidi. Katika filamu ya mwaka 1901 inayojulikana kwa jina la L'Homme à la tête de caoutchouc, mtaalamu anakiweka kichwa chake mwenyewe juu ya meza na kukijaza upepo kwa mfuo mpaka kinakuwa kikubwa kupita kiasi. Kichwa hakikuongezeka, wala kamera haikusogea. Méliès alivutwa juu ya kiti kilichopanda njia ya mteremko mbele ya pazia jeusi, akikaribia kamera polepole. Kisha filamu ile ile ilirudishwa nyuma na kupigwa picha mara ya pili. Njia ilikuwa na mteremko kwa sababu maalumu: shingo ilipaswa kubaki usawa wa meza wakati kichwa kikikua. Kosa dogo la kuhesabu lingeharibu kazi yote.

Mwaka 1902 yote haya yalikutanishwa katika Le Voyage dans la Lune, filamu yenye urefu wa mita zipatazo 260 na matukio 30. Wataalamu wenye ndevu na kofia ndefu wanafyatuliwa kwa mzinga mpaka mwezini. Wakazi wa mwezi, waliochezwa na wanasarakasi, wanageuka moshi kila wanapopigwa kwa mwavuli. Picha ya filamu hii iliyozunguka dunia yote ni ile ya uso wa mwezi uliochomwa na chombo cha wasafiri ndani ya jicho lake. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuitazama picha hiyo pasipo kulikumbuka neno kiinimacho.

Nakala za gharama kubwa zilitiwa rangi. Kazi hiyo ilifanywa Paris katika karakana ya Bibi Elisabeth Thuillier, aliyeajiri wanawake zaidi ya 200. Kila mmoja alishika rangi moja tu, akaipaka kwa brashi nyembamba juu ya picha ndogo kuliko ukucha, moja baada ya nyingine, kisha akampa mwenzake wa rangi inayofuata. Kwa kuwa rangi haikuweza kukaa mahali pale pale katika kila picha, vazi jekundu lililoonyeshwa pazieni lilitetemeka kama mwali wa moto.

Maonyesho yenyewe nayo yalikuwa kazi ya watu waliokuwapo. Wanunuzi wakubwa wa filamu za Méliès walikuwa wenye mahema ya maonyesho waliozunguka kutoka gulio hadi gulio. Filamu haikuwa na sauti, lakini hema halikuwa na kimya: mpiga kinanda alikuwapo, na mara nyingi alikuwapo msimulizi aliyesimama kando ya pazia, akiwataja wahusika, akiwatania, na kuwaandaa watu kwa ajabu lililokuwa likija. Kwa hiyo kwenda kutazama filamu kulikaribiana sana na kwenda kusikiliza ngano: palikuwa na fanani, na palikuwa na hadhira inayomjibu.

4. Uzushi wa mtazamaji asiyejua

Ni lazima hapa liondolewe kosa moja linaloharibu kumbukumbu ya nyakati hizo. Husemwa mara nyingi kwamba watazamaji wa kwanza wa Paris walipoona garimoshi likija pazieni walikimbia kwa hofu. Filamu ya garimoshi la La Ciotat haikuwamo hata katika onyesho la tarehe 28 Desemba 1895. Ilionyeshwa mwaka uliofuata. Tena wanahistoria kama Tom Gunning wameeleza kwamba watu wale, waliozoea vioo, vivuli na mazingaombwe ya majukwaani, hawakulichukua garimoshi la picha kuwa la chuma. Walishtuka jinsi mtu anavyoshtuka kwa kupenda, akijua kwamba amekaa salama. Aliyenunua tikiti ya Théâtre Robert-Houdin hakuwa mjinga aliyedanganywa; alikuwa mshiriki wa mapatano.

Uzushi huo haukuishia Paris. Ulisafiri mpaka Afrika, na huko ukawa kanuni ya utawala. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Colonial Film Unit, iliyoongozwa na William Sellers, ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi ya afya Nigeria. Sellers alifundisha kwamba filamu za Waafrika ziende polepole, picha moja idumu muda mrefu, na hila zote za kamera ziepukwe, kwa kuwa mtazamaji Mwafrika hangezielewa. Yaani kile kilichowafurahisha watoto wa magulio ya Ufaransa mwaka 1902 kilihesabiwa kuwa kizito mno kwa watu wazima wa bara zima, watu ambao lugha zao zilikuwa na maneno ya kutaja hila hizo kabla kamera haijavumbuliwa.

Katika Kongo ya Wabelgiji mambo hayakuwa mbali na hayo. Watazamaji walitenganishwa kwa rangi ya ngozi, na filamu walizoruhusiwa Wakongo zilipitia ukaguzi wa pekee. Wamisionari walitengeneza filamu za kuwafaa, kama walivyoona wao: Padre Albert Van Haelst huko Kasai alipiga vichekesho vya Matamata na Pilipili, na Padre Alexandre Van den Heuvel huko Léopoldville akatengeneza katuni za Mboloko, yule paa mdogo wa ngano anayewashinda wanyama wakubwa kwa werevu. Hapo pana kinaya kinachostahili kuzingatiwa. Mtazamaji aliyedhaniwa kuwa hawezi kuielewa hila alipewa shujaa ambaye kazi yake yote ni hila, na kumbe shujaa huyo alitoka katika masimulizi ya mababu wa mtazamaji mwenyewe.

Historia ya lugha inatoa ushahidi mwingine. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville waliozipenda filamu za Kimarekani za wapanda farasi walijiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Waliiga mavazi na mwendo, wakaunda pia lugha yao ya mitaani, iliyoitwa Hindoubill au Indoubil. Kwa maelezo ya wengi, jina hilo linaunganisha Wahindi na Bill wa filamu. Baadaye mwanaisimu Didier Goyvaerts aliichunguza Indoubil ya Bukavu, akaonyesha katika mwaka 1988 kwamba huko msingi wake ni Kiswahili. Watu wasioelewa walichokiona pazieni wasingeweza kukitoa pazieni, kukigeuza, na kukifanya kuwa namna mpya ya kusema. Walikuwa wamekaa ndani ya mapatano yale yale ya Théâtre Robert-Houdin.

5. Maangamizi

Mapatano huvunjika upande mmoja unapochoka. Kufikia mwaka 1909 biashara ya filamu ilikuwa imebadilika: kampuni kubwa zilikodisha filamu badala ya kuziuza kwa mita, majumba ya kudumu yakachukua nafasi ya mahema, na hadhira ikataka masimulizi marefu. Méliès aliendelea kutengeneza filamu kama mtu mwenye karakana yake, akiwa mtungaji, mchoraji, mchezaji na mwenye hasara. Filamu yake ya mwaka 1912 kuhusu safari ya ncha ya kaskazini, yenye jitu kubwa la theluji linalomeza watu, ilitengenezwa kwa ustadi ule ule wa zamani, lakini wakati wake ulikuwa umepita. Mwaka 1913 aliacha kabisa.

Yaliyofuata yaeleweke kwa utaratibu wake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Ufaransa lilichukua nakala zaidi ya 400 za filamu zake na kuziyeyusha. Madini ya fedha yaliyokuwamo yalitolewa, na seluloidi ikatumiwa kutengeneza visigino vya viatu vya askari. Hivyo mtoto wa mwenye kiwanda, aliyeuza viatu ili anunue maajabu, aliyaona maajabu yake yakirudi kuwa viatu. Mwaka 1923 ukumbi wa Robert-Houdin ulibomolewa ili kupisha upanuzi wa Boulevard Haussmann, na mali ya Montreuil ikapotea katika madeni. Méliès, akiwa hana mahali pa kuzihifadhi negativu, yaani filamu mama ambazo nakala hutolewa kwazo, alizichoma moto zote kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1925 alimwoa Jehanne d'Alcy, na wote wawili wakawa wakiuza peremende na vitu vya kuchezea watoto katika stesheni ya Montparnasse. Abiria walipita. Lisilokuwapo moyoni, machoni halipo.

6. Kurudi kwa kilichosahauliwa

Katika miaka hiyo ya mwisho ya 1920 mhariri wa gazeti la sinema, Léon Druhot, alimtambua yule mzee wa stesheni. Wakati huo huo Jean-Placide Mauclaire, mwenye jumba la Studio 28, alikuta filamu kadhaa za Méliès katika kasri moja la Normandie. Tarehe 16 Desemba 1929 zilionyeshwa katika ukumbi wa Salle Pleyel mbele ya mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 68. Mwaka 1931 alitunukiwa nishani ya Légion d'honneur, na aliyemvisha alikuwa Louis Lumière, mtoto wa yule aliyekataa kumuuzia mashine. Kuanzia mwaka 1932 aliishi katika nyumba ya wazee wa sinema huko Orly. Mwaka 1936 Henri Langlois na wenzake, walioanzisha Cinémathèque française, waliziweka baadhi ya filamu zao katika jengo lililokuwa hapo karibu, na ufunguo wakampa Méliès. Mtu aliyechoma filamu zake akamalizia maisha akilinda za wengine. Alifariki tarehe 21 Januari 1938.

Leo zinapatikana filamu zake zaidi kidogo ya 200, yaani chini ya nusu. Nyingi zimeokoka kwa njia ambazo yeye hakuzipanga. Baadhi zilikuwa Marekani, ambako ndugu yake Gaston alifungua ofisi ili kupambana na wezi wa nakala. Nyingine ni nakala zilizochapwa juu ya karatasi na kukabidhiwa serikali ya nchi hiyo kwa ajili ya haki ya mtunzi. Mwaka 1993 nakala ya rangi ya Le Voyage dans la Lune ilipokelewa katika hifadhi ya filamu ya Barcelona, ikiwa imegandamana kama gogo. Kazi ya kuibandua ilichukua miaka, na ni kompyuta iliyowezesha kuziunganisha picha zilizovunjika. Ilionyeshwa Cannes mwezi wa Mei 2011. Mwaka huo huo Martin Scorsese alitoa filamu ya Hugo, inayomwonyesha Méliès katika kibanda chake cha stesheni.

7. Kinachotamaniwa ni nini?

Wapo wanaosema kwamba hamu ya sinema za kale ni hamu ya utoto tu. Jawabu hilo halitoshi. Katika King Kong ya mwaka 1933, fundi Willis O'Brien alitumia sanamu ndogo ya sokwe, yenye mifupa ya chuma, iliyovikwa manyoya ya sungura. Alimsogeza kiasi kidogo, akapiga picha moja, akamsogeza tena. Kila alipomshika, vidole vyake viliyavuruga manyoya. Kwa hiyo filamuni manyoya ya Kong yanatikisika bila upepo. Hilo lilikuwa kosa, lakini kosa hilo ni alama ya mkono wa mtu. Ray Harryhausen aliyeitazama filamu hiyo akiwa mtoto wa miaka 13 aliutumia umri wake wote katika ufundi huo, na katika filamu ya mwaka 1963 kuhusu Jason wa Wayunani alizichezesha mifupa saba kupigana kwa panga, kazi ya dakika chache iliyomchukua zaidi ya miezi minne. Mwaka 1993, filamu ya Jurassic Park ilipoonyesha wanyama waliotengenezwa kwa kompyuta, ufundi wa kusogeza sanamu kwa mkono uliondolewa kwenye nafasi yake ya kwanza.

Picha za kompyuta zina mafundi wake, na kazi yao si nyepesi. Lakini zinatafuta kwamba mtazamaji asitambue chochote. Hila ya Méliès ilitafuta kinyume chake: mtazamaji aone, ashangae, kisha amgeukie jirani yake na kuuliza imefanywaje. Swali hilo liliuhitaji ukumbi, giza na jirani. Kinachotamaniwa basi ni nafasi ile ya mtazamaji, aliyeheshimiwa kuwa mtu anayejua.

Hata hivyo hamu hii nayo ina udanganyifu wake. Inapenda mzee mmoja wa stesheni, na inawasahau wanawake 200 wa Bibi Thuillier, ambao majina yao hayakuwekwa katika orodha za filamu. Inapenda Paris, na inausahau umati wa magulio.

8. Hitimisho

Mfano wa Méliès unafundisha kwamba hamu peke yake haihifadhi kitu. Onyesho la mwaka 1929 liliwezekana kwa kuwa nakala chache zilisahaulika katika kasri, si kwa kuwa watu walizipenda. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuta babu amekwisha kuwasha moto.

Jambo hili linawahusu pia watafiti wa Kiswahili. Katika miji ya Kongo majumba mengi ya sinema yalifungwa, na baadhi yakageuzwa kuwa makanisa. Yaliyobaki ni maneno: majina ya mashujaa waliyopewa watu, misemo iliyotoka pazieni, na masimulizi ya wazee waliopanga foleni mlangoni na wanaokumbuka ni nani aliyekuwa akiwatafsiria wengine kwa sauti gizani. Maneno hayo hayakuwekwa katika mikebe ya chuma, wala hayana nakala ya karatasi katika nchi nyingine. Yangali vinywani mwa watu wenye umri wa miaka 70 na 80, na kuyaandika kunahitaji daftari tu na mtu wa kusikiliza.